Fuvu la Efeso: namna filamu ya historia ilivyomgeuza mvulana kuwa binti mfalme

Machi 2009, BBC One ya Uingereza ilirusha filamu ya makala iliyoitwa Cleopatra: Portrait of a Killer. Mtangazaji wake alikuwa Neil Oliver, mwanaakiolojia ambaye watazamaji wa Uingereza walikuwa wamekwisha kumzoea. Filamu ilibeba madai mawili. La kwanza ni kwamba mifupa iliyopatikana ndani ya kaburi moja mjini Efeso, magharibi mwa Uturuki ya leo, ni ya Arsinoe wa Nne, mdogo wake Cleopatra, aliyeuawa mwaka 41 KK kwa matakwa ya dada yake. La pili lilisimama juu ya mabega ya la kwanza: vipimo vya fuvu vinaonyesha kwamba mama yake Arsinoe alikuwa na asili ya Kiafrika, kwa hiyo huenda Cleopatra naye alikuwa na damu hiyo.

Magazeti yalilipokea dai la pili kwa shangwe. Kwa karibu miaka kumi na sita liliendelea kuishi, kwenye kurasa za intaneti, kwenye video fupi, na katika mabishano ya watu walio mbali sana na Efeso, sisi wa Afrika Mashariki tukiwamo. Kisha Januari 2025 jopo la watafiti likiongozwa na Gerhard Weber wa Chuo Kikuu cha Vienna lilichapisha matokeo yake katika jarida la Scientific Reports. Fuvu lile si la mwanamke. Ni la mvulana wa kati ya miaka 11 na 14, aliyekuwa na kasoro ya ukuaji, ambaye vinasaba vyake vinaelekeza Italia au kisiwa cha Sardinia.

Ninazipenda filamu za namna hii. Watu wengi niwafahamuo wamejifunza habari za mafirauni, Warumi na wafalme wa Uingereza kwenye runinga, si darasani, na ndiyo sababu naona zinastahili kuhojiwa kwa ukali uleule tunaoutumia kwa kitabu cha shule. Katika kisa hiki mtu anaweza kufuata, hatua moja baada ya nyingine, jinsi kisio linavyopanda cheo hadi kuwa habari. Na hoja yangu ni hii: kukisia hakukuwa kosa. Kosa ni kwamba jina lilifika kwanza, mifupa ikaja baadaye, na kila kilichopimwa kikapimwa kwa macho ya mtu ambaye tayari analo jina mdomoni.

Arsinoe wa maandishini

Tuanze na binti mwenyewe, kwa sababu habari zake zilizoandikwa zinatosha kuwa filamu bila mfupa wowote.

Arsinoe alikuwa binti wa Ptolemy wa Kumi na Mbili, mfalme wa Misri kutoka ukoo wa Kimakedonia uliotawala Iskanderia tangu jemadari wa Aleksanda Mkuu alipojitwalia nchi hiyo. Mwaka 48 KK Julius Caesar alitia nanga Iskanderia akimfukuza hasimu wake Pompey, akakuta watoto wa mfalme wakigombea kiti. Akaegemea upande wa Cleopatra. Arsinoe, ambaye alikuwa amezuiliwa ndani ya kasri pamoja na ndugu zake, alitoroka akiwa na mlezi wake, towashi aitwaye Ganymedes, akajiunga na jeshi la Wamisri lililokuwa limewazingira Warumi. Jeshi likamtangaza malkia. Haikupita muda akagombana na jemadari Achillas, Achillas akauawa, na Ganymedes akachukua uongozi wa vita.

Ganymedes huyo aliwatia Warumi hofu kuliko mtu mwingine yeyote pale mjini. Maji ya kunywa ya Iskanderia yalipita kwenye mifereji ya chini ya ardhi kutoka Mto Nile. Alitenganisha mifereji, kisha akasukuma maji ya bahari kuelekea upande walikokuwa askari wa Caesar, hata visima vyao vikawa chumvi tupu. Caesar alilazimika kuwaamuru watu wake wachimbe visima vipya usiku kucha. Ni kisa ambacho ningependa kukiona kikipewa nusu saa nzima ya filamu, kwa sababu kinaeleza mji ulivyofanya kazi, si sura za wafalme wake tu.

Mwishowe Warumi walishinda. Mwaka 46 KK Arsinoe alitembezwa kwa minyororo katika barabara za Roma, katika sherehe za ushindi za Caesar. Vercingetorix, kiongozi wa Wagali, alitembezwa katika sherehe hizohizo kisha akauawa. Arsinoe aliachwa hai, na mwandishi Cassius Dio anasema watu wa Roma walimwonea huruma. Alipelekwa kuishi kama mkimbizi wa hekaluni, chini ya ulinzi wa Artemi, mungu wa kike wa Wagiriki. Miaka mitano baadaye jemadari wa Kirumi Mark Antony alituma watu wamuue, Cleopatra akiwa ndiye aliyeliomba jambo hilo.

Aliuawa wapi? Hapa waandishi wa kale hawakubaliani. Josephus anasema Efeso, katika hekalu la Artemi, lilelile ambalo wasomaji wa Matendo ya Mitume wanalijua kwa ghasia za mafundi wa fedha. Appian anasema Mileto, mji mwingine wa pwani hiyohiyo, ingawa anaongeza kwamba kuhani wa Artemi wa Efeso nusura aadhibiwe kwa kuwa aliwahi kumpokea Arsinoe kama malkia. Kwa hiyo hata kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi, mahali pa kifo chake palikuwa na shaka. Hakuna mwandishi wa kale anayesema alizikwa wapi.

Jengo la pembe nane

Waaustria wamekuwa wakichimba Efeso tangu 1895. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuta kando ya barabara kuu ya mji mabaki ya jengo zuri la marumaru lenye pande nane, wakaliita Oktagoni. Mwaka 1929 Josef Keil na wenzake walifungua jeneza la jiwe lililokuwa chini yake. Lilikuwa limejaa maji. Ndani mlikuwa na mifupa, bila vitu vya thamani na bila maandishi ya kumtaja marehemu. Keil alitoa fuvu tu, akaufunga mlango, na alipohamia Greifswald, Ujerumani, alikwenda nalo kwenye mizigo yake.

Msomaji wa Tanzania akifika hapa hawezi kuendelea kana kwamba hakuna kitu. Mafuvu ya watu wetu nayo yalisafiri hivyo enzi za Wajerumani: Berlin peke yake kulikusanywa zaidi ya elfu moja kutoka Rwanda, Tanzania na Kenya ya leo, yakapimwa urefu na upana ili kupangwa kwa "aina" za binadamu. Kichwa cha Mangi Meli wa Moshi, aliyenyongwa mwaka 1900, bado kinatafutwa na ukoo wake. Mwaka 2023 makumbusho ya Berlin yalitangaza kwamba mafuvu matatu yamelinganishwa kwa vinasaba na familia zilizo hai Kilimanjaro. Desturi ya kupima vichwa iliyomkuta mtu wa Efeso ni ileile, na ujuzi uliokuja kuifuta ni uleule pia.

Mwaka 1953 Josef Weninger wa Vienna alichapisha picha na vipimo vya fuvu la Efeso. Alilitaja kuwa la mwanamke kijana, mwenye umbo laini linalofaa watu wa tabaka la juu. Keil naye alikuwa amekisia mtu wa heshima kubwa, msichana wa miaka kama ishirini. Angalieni jinsi jengo linavyomvisha marehemu: kaburi ni la fahari, basi fuvu nalo linaonekana la fahari.

Mifupa mingine ilisubiri hadi 1982, ilipopatikana si kwenye jeneza bali katika kijichumba cha ukutani, kwenye ukumbi wa kuingilia kaburini. Na katika miaka ya 1990 mwanaakiolojia Hilke Thür wa Austria, anayeijua Efeso vizuri, akatoa dhana iliyoleta filamu. Alihoji: kwa nini mtu azikwe katikati ya mji wakati Wagiriki na Warumi walizika wafu wao nje ya kuta, isipokuwa watu wa heshima ya pekee? Kwa nini pande nane? Mnara wa taa wa Iskanderia, fahari ya Misri ya akina Ptolemy, ulikuwa na ghorofa ya katikati yenye pande nane. Mapambo ya jengo nayo yalikuwa na dalili za Kimisri, na mtindo wake ulielekea nusu ya pili ya karne ya kwanza KK. Msichana, Efeso, Misri, miaka ileile: ni nani mwingine kama si Arsinoe?

Ninaliheshimu wazo hilo. Ni wazo zuri la mtu aliyekaa na mawe kwa miaka mingi na kuyauliza maswali. Utafiti hauwezi kwenda bila watu wa namna hiyo, na katika mkutano wa wataalamu dhana kama hiyo inakaa mahali pake, ikizungukwa na wapinzani. Mambo yalibadilika ilipopewa saa moja ya runinga na jina la Cleopatra juu yake.

"Labda" ngapi?

Hebu tuzihesabu. Labda umbo la jengo linaiga mnara wa Iskanderia. Kama ndivyo, labda aliyezikwa ana uhusiano na Misri. Labda mifupa iliyomo ni ya mtu ambaye kaburi lilijengwa kwa ajili yake. Labda ni mwanamke. Labda umri wake unalingana na wa Arsinoe. Labda Josephus ndiye aliyesema kweli, si Appian. Hapo ndipo tunapata jina. Kisha: labda vipimo vya fuvu vinaweza kutaja asili ya mtu. Labda Arsinoe na Cleopatra walikuwa na mama mmoja. Hapo ndipo tunapata kichwa cha habari.

Tuseme kila "labda" ina nafasi nzuri ya kuwa kweli, saba kwa kumi. Zizidishe hizo nane na jibu linashuka hadi chini ya sita kwa mia. Hii ni hesabu yangu ya kuonyesha tu, lakini mtazamaji hakuipata hata kwa kukadiria, kwa kuwa filamu hupita kutoka tukio hadi tukio, na kila tukio likiisha huwa limekwisha kuaminika. Kwenye kitabu unaweza kurudi kurasa tatu ukauliza: hivi hili tulilithibitisha lini? Kwenye runinga muziki umeshaanza wa tukio linalofuata.

Mary Beard, mwanahistoria wa Cambridge, alilisema hilo mwezi uleule. Hoja zake zilikuwa za wazi kiasi kwamba mtu yeyote angeweza kuzikagua: kaburi halina jina, fuvu lenyewe lilidhaniwa kupotea wakati huo, mama zao mabinti wale hawajulikani kuwa mmoja. Na umri haukai sawa. Hili la umri linanisumbua zaidi kwa sababu halihitaji maabara. Wataalamu waliopima mifupa ya mwili wakati huo walikadiria miaka 15 hadi 18. Arsinoe aliuawa 41 KK. Basi angekuwa amezaliwa kati ya 59 na 56 KK, na alipotoroka kasri na kutangazwa malkia wa jeshi alikuwa na miaka minane hadi kumi na moja, ilhali masimulizi yanamweleza akigombea uongozi na jemadari mzima hadi jemadari akafa. Haiwezi kusemwa ni muhali kabisa, maana watoto wamewahi kutangazwa wafalme. Ila ni mzigo mkubwa kwa dhana iliyokwisha kulemewa.

Kuhusu mama, hali ni mbaya zaidi. Mama yake Cleopatra hatajwi kwa uhakika na mwandishi yeyote wa kale. Mama yake Arsinoe hatajwi kabisa. Strabo anasema kati ya mabinti watatu wa Ptolemy wa Kumi na Mbili ni mkubwa tu aliyekuwa wa ndoa halali. Kwa hiyo hata kama kesho lingefukuliwa jeneza lenye jina la Arsinoe kwa herufi za Kigiriki, mifupa yake ingetuambia habari za Arsinoe, na si lazima za dada yake.

Uso uliotengenezwa

Sehemu ya filamu iliyobaki vichwani mwa watu ni uso. Fuvu lilidhaniwa kupotea Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili, basi mtaalamu wa kuunda upya sura za wafu, Caroline Wilkinson, alitumia vipimo na picha za zamani kutengeneza kwa kompyuta sura ya msichana. Sura ile ilichapishwa kila mahali.

Inafaa kueleza kazi hiyo inavyokwenda, kwa sababu ni kazi halali inayosaidia polisi wa nchi nyingi kutambua maiti. Mtaalamu hupokea fuvu, kisha hutumia majedwali yanayoonyesha unene wa nyama na ngozi katika sehemu mbalimbali za uso. Majedwali hayo hupangwa kwa jinsia, umri na asili. Yaani kabla hajaanza, lazima aambiwe: huyu ni mwanamke au mwanamume, ana miaka mingapi, ametoka wapi. Akiambiwa ni msichana wa umri fulani mwenye wazazi wa mabara mawili, atakachokitoa ni uso wa msichana wa namna hiyo. Uso hauwezi kuthibitisha jinsia au asili, maana hivyo viliingizwa mwanzoni kama malighafi.

Mtazamaji hakuuona mpangilio huo. Alichokiona ni binti akimtazama machoni. Kuanzia hapo hoja za umri, za Appian na za mama asiyejulikana hazina nguvu tena. Huwezi kumwambia mtu kwamba yule aliyemwona hayupo. Naamini uso ule ulifanya kazi kubwa kuliko vielelezo vingine vyote vya filamu vikijumlishwa, na ndiyo maana ningependa kila filamu inayoonyesha sura ya kompyuta iandike chini ya picha, kwa herufi zinazosomeka, ni mambo gani yaliyodhaniwa kabla ya kuichora.

Jambo jingine: vinasaba vilijaribiwa wakati ule, havikutoa jibu. Mifupa ilikuwa imeshikwa na watu wengi mno. Filamu ilipofika kwenye jaribio lililoshindikana, ilikuwa na njia mbili. Ingeweza kusema: kipimo pekee kinachoweza kutuamulia hakijatoa jibu, basi tusubiri. Ilisonga mbele.

Vienna, 2025

Fuvu halikuwa limepotea. Lilikuwa Vienna, katika mkusanyo wa chuo, mahali ambapo Weninger alilipima. Timu ya Weber ililipiga picha za mionzi zenye uwezo wa kuonyesha vitu vidogo kuliko unene wa unywele, ikachukua chembe za miligramu chache kutoka kwenye kitako cha fuvu na sikio la ndani, ikazilinganisha na mfupa wa paja uliopatikana kijichumbani.

Kipimo cha kaboni kilitoa miaka kati ya 205 na 36 KK. Simameni hapo kidogo. Mwaka 41 KK umo ndani. Laiti kipimo hicho kingefanyika peke yake mwaka 2009, kingepokelewa kama ushahidi wa Arsinoe, na filamu ingepata tukio jingine la kishindo. Ushahidi usiopingana na dhana si lazima uwe unaiunga mkono. Mamia ya maelfu ya watu walikufa ndani ya miaka hiyo.

Vinasaba vikaonyesha kwamba fuvu na paja ni vya mtu mmoja. Hiyo ni habari njema kwa waliochimba 1982. Kisha, kipimo kikirudiwa mara kadhaa, kromosomu Y ikajitokeza kote kuwili. Mvulana.

Meno yalieleza umri: mizizi yake ilionyesha mtoto aliyekuwa katika kubalehe, 11 hadi 14. Taya la juu lilikuwa dogo kuliko kawaida na limeinama kuelekea chini, hivi kwamba kutafuna kulikuwa tabu. Gego la kwanza la kudumu, ambalo kwa umri huo hupaswa kuwa limesagika, halikuwa na alama ya kutumika, huku jino jingine likiwa na nyufa za kubeba mzigo mkubwa. Mshono mmoja wa fuvu, ambao kwa kawaida hufunga mtu akiwa na miaka kama 65, ulikuwa umeshafunga, na kichwa kikawa kimekwenda upande. Watafiti wametaja upungufu wa vitamini D au ugonjwa wa kurithi kama vile sindromu ya Treacher Collins kuwa miongoni mwa sababu zinazowezekana.

Jambo linaloniuma zaidi katika kisa hiki chote ni kwamba kichwa kilichopotoshwa na ugonjwa wa mtoto kilisomwa kwanza kama umaridadi wa kitabaka, kisha kama asili ya kabila. Mtoto aliyepata shida kula chakula chake aliitwa kwa zamu mwanamke mtukufu, binti mfalme, na ushahidi wa rangi ya malkia ambaye labda hakuwahi hata kumsikia.

Na sisi Waafrika?

Dai la pili lilipokelewa vizuri barani kwetu, na sababu zake ni za haki. Kwa karne nyingi historia ya Misri imesimuliwa kana kwamba nchi hiyo iko Ulaya. Mtu akiambiwa kwamba malkia maarufu kuliko wote ana mama Mwafrika, anahisi kitu kimerudishwa. Hisia hiyohiyo ilirudi Mei 2023, Netflix ilipotoa mfululizo kuhusu Cleopatra ukiwa na Adele James kama malkia na Jada Pinkett Smith kama msimulizi na mmoja wa wazalishaji. Wizara ya mambo ya kale ya Misri ilipinga hadharani, mwanasheria mmoja wa huko akataka Netflix izuiwe nchini, na dunia ikabishana juu ya ngozi kwa majuma kadhaa. Miezi mitatu kabla, mfululizo huohuo ulikuwa umemhusu Njinga wa Ndongo na Matamba, aliyepambana na Wareno katika Angola ya leo hadi kifo chake mwaka 1663, ambaye barua zake na mikataba yake ipo kwa maandishi. Yeye hakupata hata robo ya kelele hizo.

Nashangaa kwa nini tunakubali kupewa heshima kwa njia ya fuvu lisilo na jina, ilhali kizazi kilekile cha Cleopatra kilikuwa na malkia wa Kiafrika ambaye hakuna anayebisha asili yake. Kusini mwa Misri, katika ufalme wa Kushi, mji mkuu Meroe, alitawala kandake, yaani malkia wa Kushi, ambaye wanahistoria wengi humtambua kwa jina la Amanirenas. Strabo anasema alikuwa na jicho moja. Miaka michache tu baada ya Cleopatra kufa na Misri kuwa mali ya Roma, yapata 25 KK, majeshi yake yalishambulia Aswani na visiwa vya jirani, yakang'oa sanamu za mfalme Augustus. Warumi walijibu kwa kuvamia hadi Napata, lakini mwisho wa yote wajumbe wa Kushi walikwenda hadi kisiwa cha Samo, wakakutana na Augustus mwenyewe, na akawaondolea kodi aliyokuwa amewatoza.

Mwaka 1910 wachimbaji walikuta Meroe kichwa cha shaba cha Augustus, macho yake ya kioo yakiwa bado yanang'aa, kimefukiwa chini ya ngazi za hekalu ili kila anayeingia amkanyage. Kipo British Museum. Hapo una chombo mkononi, una mahali kilipokutwa, una mwandishi wa kale anayesimulia vita vilevile, na una maandishi ya Wameroe wenyewe, ingawa lugha yao bado haijafahamika vyema. Ukilinganisha na Oktagoni, ushahidi huo ni mnene mara nyingi zaidi. Tatizo lake kwa wenye vituo ni kwamba hauna jina linalouza. Cleopatra anauza, kwa hiyo mfupa ukitaka kwenda hewani lazima uwe jamaa yake.

Watakaotaka kutengeneza filamu mpya Efeso sasa wana swali bora kuliko lile la kwanza. Efeso ilikuwa moja ya miji mikubwa ya jimbo la Asia, ambalo Roma ilijitwalia katika karne ya pili KK, na wafanyabiashara na watoza ushuru kutoka Italia walifurika humo. Walichukiwa. Mwaka 88 KK mfalme Mithridates wa Ponto alipoamuru Waitalia wote wa jimbo wauawe, Appian anasimulia kwamba watu wa Efeso waliwang'oa waliokimbilia hekalu la Artemi na kuwaua huku wamekumbatia sanamu. Baadhi ya waandishi wa kale wanataja wafu 80,000 katika jimbo zima. Baadaye Warumi walirudi na nguvu zaidi. Ndani ya historia hiyo kuna mvulana mwenye asili ya Italia au Sardinia, mgonjwa, aliyepewa kaburi la marumaru lenye mapambo ya Kimisri kando ya barabara kuu, mahali ambapo sheria na desturi hazikuruhusu watu wa kawaida kuzikwa. Ni familia gani ilikuwa na uzito huo Efeso, na ilihusiana vipi na Misri? Je, jengo lilikuwa lake tangu mwanzo, au aliwekwa humo baadaye? Na kwa nini mifupa ya mwili wake ilikutwa kijichumbani, si jenezani mlimotolewa fuvu?

Weber na wenzake hawakumpa jina. Walichotaja ni jinsia, umri, asili na hali ya mwili wake, wakasema kwamba sasa utafutaji wa kaburi la Arsinoe unaweza kuanza upya.